Maana ya handikapu katika mchezo wa gofu

Handikapu ni namba inayoeleza uwezo wa mchezaji wa gofu wa ridhaa, na kazi yake ya kwanza ni kuwawezesha watu wawili wasiolingana kwa ustadi kushindana kwa haki katika uwanja mmoja. Mwenye namba kubwa hupunguziwa mikwaju mingi katika hesabu yake, na mwenye namba ndogo hupunguziwa michache. Watoto wa hapa Tabora wanaokimbizana chini ya miembe wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu: mkubwa humwacha mdogo atangulie hatua kumi au kumi na tano, kisha mbio zinaanza, na anayeugusa mwembe wa mwisho kwanza ndiye mshindi bila ubishi. Hatua za watoto hukadiriwa kwa macho. Mikwaju ya gofu hukokotolewa kwa kanuni, na kanuni hiyo ndiyo inayowapotosha wengi wanaoufuatilia mchezo huu na wanaojifunza kuucheza.

Neno lenyewe lilianzia Uingereza, katika mchezo wa zamani wa kubadilishana vitu ambamo washiriki walitia mikono kofiani wakiwa na fedha ya dau, na mwamuzi akataja nyongeza ambayo mwenye kitu cha thamani ndogo alipaswa kuitoa ili mabadilishano yawe sawa. Kutoka hapo likaingia katika mbio za farasi, ambamo farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili wenzake wapate nafasi. Gofu ililipokea neno hilo na kuugeuza mzigo: aliye hodari habebeshwi kitu, bali asiye hodari ndiye anayepunguziwa.

Ili hesabu ieleweke, ni lazima kwanza kuijua pa. Kila shimo lina idadi ya mikwaju ambayo mchezaji bora anatarajiwa kuitumia, nayo ni mitatu, minne au mitano kulingana na urefu wa shimo, na miwili kati ya hiyo huhesabiwa kuwa ya kusukuma mpira kwenye grini, yale majani mafupi yanayolizunguka shimo. Jumla ya pa za mashimo 18 katika viwanja vingi ni 70, 71 au 72.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kudhani kwamba handikapu ni wastani wa matokeo ya mtu. Mfumo wa dunia ulioanza kutumika mwaka 2020, chini ya vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu, R&A yenye makao yake St Andrews, Scotland, na USGA ya Marekani, uliziunganisha taratibu sita zilizokuwa zikitumika katika sehemu mbalimbali za dunia, na ndani yake huchukuliwa raundi 20 za mwisho za mchezaji, zikachaguliwa 8 zilizo bora, na wastani wa hizo nane tu ndio unaokuwa handikapu yake. Raundi 12 zilizobaki haziingii katika hesabu kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye handikapu 20 hapaswi kutarajia kumaliza na mikwaju 20 juu ya pa kila anapotoka. Akiifikia namba yake mara moja katika raundi nne au tano, anacheza vile vile kama handikapu yake inavyosema. Nimewaona wachezaji wapya wakihuzunika kila Jumamosi kwa kuwa wameshindwa kuifikia namba yao, na wengine wakaacha mchezo, ilhali hawakuwa wameharibu chochote. Namba ile inapima uwezo wanaouonyesha katika siku zao nzuri, wala haikuahidi kwamba kila siku itakuwa nzuri.

Tena mikwaju hailinganishwi mibichi, kwa sababu viwanja havilingani. Kila uwanja uliopimwa rasmi huwa na namba mbili. Ya kwanza ni kadirio la uwanja, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mwenye handikapu sifuri angeitumia katika hali ya kawaida. Ya pili huitwa slopu, nayo huonyesha ni kwa kiasi gani uwanja huo humwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko unavyomwadhibu yule hodari. Huanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kati. Matokeo ya raundi hupatikana kwa kutoa kadirio la uwanja kutoka katika mikwaju iliyopigwa, kisha kuzidisha kwa 113 na kugawanya kwa slopu.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa reli anayeishi Tabora, ambaye amecheza katika viwanja viwili akiwa likizo. Katika uwanja wa kwanza, wenye kadirio la 70.5 na slopu ya 120, alipiga mikwaju 95. Katika uwanja wa pili, wenye kadirio la 69.0 na slopu ya 105, alipiga 92, akarudi nyumbani akifurahia zaidi ile 92. Hesabu inasema vingine: raundi ya kwanza inatoa 23.1 na ya pili inatoa 24.8, kwa hiyo siku aliyopiga mikwaju 95 ndiyo aliyocheza vizuri zaidi. Mfano huu mmoja ukieleweka, sehemu kubwa ya mfumo imeeleweka.

Handikapu inayotokana na zile raundi nane bora ni ya kusafiri nayo, na kila inapofika hubadilishwa kulingana na uwanja. Handikapu ya 22.0 ikipelekwa kwenye uwanja wa kwanza, ikiwa pa yake ni 72, inakuwa mikwaju 22. Ikipelekwa kwenye ule wa pili, ikiwa pa yake ni 70, inakuwa 19. Mikwaju hiyo hugawanywa katika mashimo kwa kufuata mpangilio wa ugumu ulioandikwa kwenye kadi ya matokeo, hivyo mwenye 22 hupata mmoja katika kila shimo na wa pili katika mashimo manne magumu kuliko yote. Hata mwinuko wa nchi huzingatiwa wakati uwanja unapopimwa. Hewa ya juu ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi, na sisi wa Tabora, tulio kwenye mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, tukishuka Dar es Salaam hushangaa kuona fimbo ile ile ikiuacha mpira nyuma ya pale tulipouzoea.

Anayetaka kuanza anahitaji kuwasilisha matokeo ya mashimo 54 tu, yaweza kuwa raundi tatu za mashimo 18 au sita za mashimo tisa. Kwa raundi tatu huchukuliwa iliyo bora na kupunguzwa 2.0, kadiri kadi zinavyoongezeka, ndivyo idadi ya raundi zinazohesabiwa inavyopanda hadi kufikia nane kati ya ishirini. Kikomo cha juu ni 54.0 kwa wanaume na wanawake, kwa hiyo hakuna mchezaji anayeanza aliye dhaifu kupita kiasi. Mazingira yetu, hata hivyo, yanadai tahadhari. Viwanja vinavyofahamika zaidi nchini viko Dar es Salaam, Morogoro, Arusha na Moshi, na kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa treni ni zaidi ya kilomita 800. Mtu anayecheza raundi nne kwa mwaka atahitaji miaka mitano kuzijaza kadi ishirini, na wakati huo namba yake itakuwa inabeba raundi za zamani ambazo huenda hazimwelezi tena. Mchezaji wa namna hiyo namshauri aitazame handikapu yake pamoja na kadi zake tano za mwisho.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote katika mfumo huu ni kikomo cha shimo. Kwa ajili ya hesabu ya handikapu, shimo moja haliandikwi zaidi ya pa, ukiongeza mikwaju miwili, ukiongeza na mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo. Mwenye kupewa mmoja kwenye shimo la pa 4 ataandika 7, hata kama alihangaika vichakani hadi akafika 11. Waliotunga kanuni walitambua kwamba shimo moja baya halielezi uwezo wa mtu, na jambo hilo ni kweli hata kwa mabingwa. Aprili 2025, wakati huku kwetu ni usiku wa manane, Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini alishinda mashindano ya Masters katika uwanja wa Augusta National, jimboni Georgia, kwa raundi za 72, 66, 66 na 73, kisha akamshinda Justin Rose katika shimo la kwanza la nyongeza. Akawa mtu wa sita kuyatwaa mataji yote manne makubwa ya gofu ya kulipwa. Na katika wiki hiyo hiyo, mara nne alipiga mikwaju miwili zaidi ya pa kwenye shimo moja, mbili katika raundi ya kwanza na mbili katika ya mwisho. Nilipokuwa nikitazama, nilijifunza zaidi kutokana na mashimo yaliyofuata baada ya makosa hayo kuliko kutokana na mikwaju yake ya mita 300.

Wachezaji wa kulipwa hawatumii handikapu katika mashindano yao. Wote huanza sawa, na anayetumia mikwaju michache ndiye mshindi. Kama ingekokotolewa, wengi wao wangekuwa bora kuliko sifuri kwa mikwaju kadhaa, na badala ya kupunguziwa wangetakiwa kuongezewa. Namba hiyo huandikwa kwa alama ya kujumlisha mbele yake, jambo linalowachanganya wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza. Viwango vya dunia vya wachezaji wa kulipwa, vilivyoanza mwaka 1986, ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa hutokana na pointi za mashindano ya miaka miwili. Njia hizi mbili hukutana katika mchezo wa utangulizi ambao kwa kawaida hufanyika kabla ya mashindano makubwa, ukiwamo ule wa mashindano ya wazi ya Kenya jijini Nairobi, ambapo wachezaji wa ridhaa hupangwa pamoja na wa kulipwa na handikapu zao zikatumika.

Anayefuatilia gofu ya kulipwa akiwa na handikapu ya 20 au 25 anapaswa kujua kwamba runinga humwonyesha walio bora wiki hiyo, tena katika mikwaju yao mizuri. Ukweli wao wa kawaida ni mpole zaidi. Katika mashindano ya PGA Tour ya Marekani, mchezaji wa wastani hukosa kuufikisha mpira kwenye grini kwa mikwaju inayotakiwa katika mashimo takriban sita kati ya 18, na akiwa umbali wa mita 2.4 kutoka shimoni huuingiza mpira nusu tu ya mara anazojaribu. Mtu anayejikasirikia kwa kukosa kutoka umbali huo anajidai kitu ambacho hata wanaoishi kwa mchezo huu hawakipati.

Kwa upande wa mazoezi, kwa miaka mingi niliamini, kama wengi, kwamba handikapu hushuka kwa kusukuma mpira vizuri kwenye grini. Utafiti wa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, uliochambua mikwaju mingi ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji na mchezaji hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka zaidi ya yadi 100, yaani mita zipatazo 91, na theluthi moja tu ndiyo inayotokana na mchezo wa karibu na shimo. Kwa mkazi wa Tabora habari hii ina uzito wake. Ua uliofagiliwa vizuri na kopo lililozikwa ardhini vinatosha kufanyia mazoezi ile theluthi moja. Shimo halisi lina kipenyo cha milimita 108, na kopo jembamba kidogo kuliko hapo linafaa zaidi. Mpira kwenye udongo mgumu hukimbia kuliko kwenye majani, lakini mkono hujifunza kunyooka. Ile theluthi mbili inataka uwanja mpana, na ndiyo maana mtu akipata siku tatu za kuwa karibu na uwanja wa gofu, ningependa azitumie zaidi kwa fimbo ndefu na za kati, huku ya karibu akiirudia nyumbani jioni.

Mfumo wote huu unasimama juu ya uaminifu. Wapo wanaokuza namba yao kwa makusudi ili wapewe mikwaju mingi na kubeba zawadi, na wapo wanaoficha raundi mbaya ili wasifiwe kwa namba ndogo. Wa kwanza huwaibia wenzao. Wa pili hujiibia wenyewe, kwa kuwa wakialikwa kushindana hupewa mikwaju pungufu na hushindwa na watu walio dhaifu kuliko wao. Kanuni zimejiwekea kinga: raundi iliyo bora kuliko handikapu kwa 7.0 au zaidi huishusha namba ya mchezaji mara moja, na handikapu haiwezi kupanda zaidi ya 5.0 juu ya ile ya chini kabisa aliyokuwa nayo katika siku 365 zilizotangulia. Kinga iliyo kubwa kuliko hizo ni mchezaji mwenzako anayekuhesabia mikwaju shimo baada ya shimo, anayethibitisha kadi yako kabla hamjaachana, na kadi hiyo kupelekwa siku ile ile, iwe na 84 au 104.