Ubaguzi wa rangi unavyojificha kwenye namba za rafu

Chukua maktaba ya chuo inayopanga vitabu kwa utaratibu wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Historia ya Uingereza ina herufi zake, DA. Ufaransa ina DC, Ujerumani DD. Afrika nzima, kuanzia Misri hadi Afrika Kusini, imebanwa kwenye DT. Fasihi ya Kiingereza imepewa PR. Kiswahili kiko PL 8701, pamoja na Kichina, Kijapani na lugha za visiwa vya Pasifiki.

Utaratibu wa Dewey, wa mwaka 1876, unaopanga vitabu vya kila somo kwa namba, nao ni hivyo hivyo. Kwenye dini, Ukristo umetandazwa kutoka 220 hadi 289, Uislamu ukapewa 297. Melvil Dewey mwenyewe aliendesha klabu iliyowakataa Wayahudi na watu weusi, na mwaka 2019 chama cha maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye tuzo yake.

Namba hizi zina madhara. Dorothy Porter, mkutubi mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, tangu mwaka 1930, alikuta maktaba nyingi zikirundika vitabu vya watu weusi kwenye namba mbili: 325, ukoloni, na 326, utumwa. Hata diwani ya mashairi iliishia humo, ilimradi mshairi ni mweusi. Porter alikataa, akakipanga kila kitabu kulingana na kilichomo. Kwangu mimi, huo ndio ukutubi.

Kwetu sisi wakutubi wa Dar es Salaam, kubadili herufi za rafu ni kazi kubwa na ya gharama. Katalogi, yaani orodha ya kutafutia vitabu, lakini, iko mikononi mwetu. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu Wazaramo hutafuta “unyago” au “mkole”, akaambiwa hakuna kitu, na kumbe kitabu kipo, kimeelezwa kwa maneno ya Kiingereza yasiyotumiwa na bibi yeyote wa Kisarawe. Rekodi ya MARC, yaani fomu ya kompyuta ambamo mkutubi hujaza maelezo ya kila kitabu, ina sehemu ya 653, inayopokea maneno yasiyo kwenye orodha rasmi. Kuandika humo “unyago” ni kazi ya dakika chache, na kitabu kinaonekana.

Kwa hiyo ukitafuta neno la Kiswahili kwenye katalogi ya chuo chako ukakosa, usiondoke kimya. Mpelekee mkutubi aliye mezani neno hilo, pamoja na jina la kitabu ulichotarajia kukiona.