Uvimbe wa kichwani usio kansa, kansa ya titi inaweza kuingia humo?

SWALI: Mama mdogo yupo Kongwa, alikatwa titi sababu ya kansa, juzi kapimwa kichwa Dodoma mjini wakasema ana uvimbe ila sio kansa. Kuna mtu kaniambia kansa ya titi inaweza kuingia kwenye huo uvimbe, kweli au ananitisha?

JIBU: Ipo, ila ni nadra sana, so usianze kulia. Unaovamiwa zaidi ni meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, wanawake ndo wanaupata zaidi. Na kansa zinazoongoza kuingia humo ni ya titi na ya mapafu.

SWALI: Inaingiaje sasa?

JIBU: Seli za kansa zinasafiri na damu, na meninjioma nyingi zina mishipa ya damu kibao halafu zinakua taratibu miaka na miaka, kwahiyo seli ikifika pale inapata chakula na muda wa kutulia, kama mbegu iliyodondokea bondeni kwenye unyevu wakati kote kumekauka. Wengine wanahisi na homoni zinachangia, maana meninjioma nyingi zina vipokezi vya projesteroni, yaani sehemu za seli zinazopokea hiyo homoni ya kike, na kansa nyingi za titi nazo zinavyo.

SWALI: Kwahiyo uvimbe wenyewe umegeuka kansa?

JIBU: Hapana. Meninjioma inabaki meninjioma, ndani yake ndo kuna seli zilizotoka kwenye titi.

SWALI: Emiarai (MRI, kile kipimo cha picha ya ndani ya kichwa) si itaonyesha tu?

JIBU: Hapo ndo pagumu, mara nyingi haitofautishi, inakuja kujulikana baada ya upasuaji, kile kipande cha nyama kilichokatwa (kinyama) kikishaangaliwa kwa hadubini. Ndo maana historia ya kansa isifichwe jamani, hata kama ni ya miaka kumi nyuma, na daktari aiandike kwenye fomu ya maabara, maana anayeangalia kinyama bila kujua anaweza kuona meninjioma akaishia hapo.

SWALI: Tuangalie dalili gani?

JIBU: Kichwa kinachozidi kuuma hasa asubuhi, kutapika, degedege, mkono au mguu kulegea, macho kuona vibaya. Huku kwetu mtu akianguka degedege anapelekwa kwa mganga kwanza, mnapoteza wiki bure. Kingine ni uvimbe uliokuwa umetulia kuanza kukua haraka, na hilo litaonekana tu wakilinganisha picha, kwahiyo akirudi hospitali abebe zile za zamani zote na majibu ya kinyama cha titi.