Ukiishi na familia Hispania, ukimya wako watauelewa vibaya

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza Kihispania hapa Mwanza ni waongoza watalii. Wageni wanaozungumza lugha hiyo wanaingia Serengeti kila msimu, na mtu anayeweza kuwaeleza habari za nyumbu kwa lugha yao hakosi kazi. Wakishapata msingi, baadhi yao hupata nafasi ya kwenda kusoma Salamanca, mji ambao chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218, na shule huwapangia kuishi na familia. Sarufi yao hainipi hofu. Kinachonipa hofu ni malezi mema waliyopewa nyumbani.

Sisi tumelelewa kwamba mgeni mwenye adabu hutulia. Hafungui friji, hachagui chakula, hujibu alichoulizwa, kisha hurudi chumbani asije akawasumbua watu. Ukikaa hivyo kule, siku si nyingi mwenye nyumba ataipigia shule simu kuuliza kama unaumwa, au kama umechukizwa na jambo. Simu hizo zimepigwa kwa ajili ya wanafunzi wangu, vijana wenye heshima tele, ambao walidhani wanamstahi mama wa watu.

Kwa hiyo nasisitiza sana suala la mezani. Chakula kikuu ni cha mchana, saa nane au saa tisa, na huja kwa awamu. Kwanza dengu au supu pamoja na mkate, na hapo watu wetu huomba kuongezewa wakidhani ndiyo imetoka hiyo, kumbe samaki au nyama bado iko jikoni. Mwisho huja tunda. Baada ya tunda hakuna anayenyanyuka. Huku kwetu ukimaliza unanawa, unashukuru na kuondoka. Kule wanakaa tu, nusu saa au zaidi, wakibishana kuhusu siasa, mpira na bei ya mafuta ya zeituni, wote kwa pamoja, huku wakikatizana. Kaa nao. Hata kama unaambulia neno moja kati ya kumi, kaa. Nusu saa hiyo ina faida kuliko zoezi lolote nitakalokupa mimi, na kumkatiza mtu pale mezani hakuhesabiwi kuwa utovu wa adabu.

Ila uende na la kusema. Mimi huwaandaa na habari za sangara. Samaki huyu alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na leo viwanda vya hapa Mwanza vinamtoa minofu inayosafirishwa hadi Ulaya. Wauza samaki wa Hispania wanamwita perca del Nilo, na huenda mama huyo amewahi kumpika bila kujua katoka ziwa gani. Mweleze. Kisha mweleze kuhusu mapanki, yale mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani, jinsi yanavyokaangwa na kuuzwa mitaani kwetu. Ndani ya habari hiyo kuna wakati uliopita, wakati uliopo, bei, tarakimu na maoni yako mwenyewe. Tunaifanyia mazoezi darasani nikiwakatiza makusudi, mpaka mtu aweze kukatizwa mara tatu na bado arudi alipoishia.

Mambo mengine ni madogo, lakini yanaumiza usipoyajua. Beba ndala za ndani, maana kutembea peku sakafuni hawakupendi. Mama mwenye umri wa bibi yako atataka umwite kwa jina lake tupu, na kukusalimu atakugusisha mashavu yote mawili, mkubalie. Kuhusu nguo, atakwambia ulete zote zitiwe kwenye mashine. Kama nguo za ndani unafua mwenyewe, kama tulivyozoea, mwambie siku ya kwanza na umuulize uanike wapi, kwa sababu kwenye maghorofa kamba ziko nje ya dirisha la jikoni. Bafuni usichelewe, maji ya moto yana gharama.

Jua nalo litakuchanganya. Mwanza linazama kama saa moja jioni mwaka mzima. Hispania imeshika saa za Ulaya ya Kati tangu 1940 ingawa iko magharibi sana, hivyo mwezi Juni Salamanca linazama saa nne kasoro usiku. Chakula cha usiku ni saa tatu au saa nne. Usitumie mwanga kukisia muda wa kurudi. Uliza saa, na ukichelewa piga simu.

Elewa pia kwamba familia hizi hulipwa kupitia shule. Upendo upo, wengine huandikiana na wanafunzi wao miaka mingi, lakini ni makubaliano ya fedha na yana masharti. Kabla hujalipa, uliza ni milo mingapi kwa siku, kama Jumapili imo, nani anafua na mara ngapi kwa wiki. Kozi ikizidi siku 90, viza ya Schengen ya muda mfupi, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, haitoshi, utahitaji ya mwanafunzi. Ubalozi wao uko Dar es Salaam, kwa hiyo anza mapema. Na nyumba isipokufaa, iambie shule wiki ya kwanza, wala usivumilie mpaka mwisho kwa kuona aibu. Kuhamishiwa familia nyingine ni jambo la kawaida kwao. Maswali hayo yote yatume kwa barua pepe, ujibiwe kwa maandishi.