Uchovu wa anayeuguza: maana yake, na jinsi ya kuuwahi

Ukiwa unauguza, salamu zako hubadilika. Watu hawakuulizi tena habari za kazi. Wanakuambia "pole na kuuguza," nawe unajibu "nimeshapoa," kwa kuwa adabu ya lugha ndivyo inavyotaka. Kumbe hujapoa. Ni miezi saba sasa, usiku umeamka mara nne, na asubuhi hii ulisimama nje ya chumba cha mgonjwa, mkono kwenye kitasa, ukashindwa kuingia kwa dakika nzima. Si kwamba humpendi aliyemo ndani. Umekosa tu cha kuingia nacho.

Hali hiyo huitwa uchovu wa mlezi, au uchovu wa anayeuguza. Mimi napendelea jina la pili, kwa sababu ya siri iliyomo ndani yake. Kitenzi "kuuguza" kimezaliwa na "kuugua." Ukikichambua kisarufi ni kama kumfanya mtu augue, ila sisi tumekipa maana ya kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza na kumsafisha. Mzizi ni mmoja, na nyumba nyingi huligundua hilo siku mgonjwa mmoja anapokuwa wagonjwa wawili.

Kwa maneno machache, ni kuishiwa nguvu za mwili, moyo na akili kwa sababu umetoa kwa muda mrefu kuliko ulivyorudishiwa. Uchovu wa kawaida unalala nao, unaamka bila yake. Huu unaamka nao.

Dhana yenyewe ilianzia kazini. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika kliniki ya bure mjini New York, aliandika makala kuhusu wahudumu wenzake waliokuja na ari kubwa kisha wakazimika mmoja mmoja. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa kipimo chenye sehemu tatu, ambacho bado kinatumika: kuishiwa nguvu, kumwona unayemhudumia kama kitu badala ya mtu, na kuhisi kwamba hata ujitahidi vipi, hufui dafu.

Sehemu ya pili ndiyo inayotia aibu, kwa hiyo ndiyo isiyosemwa. Mama mwenye ugonjwa wa kusahau anauliza sasa ni saa ngapi. Unamjibu. Dakika mbili baadaye anauliza tena. Mara ya sita sauti yako bado ni ya upole, ila macho yako hayamtazami. Mara ya kumi na moja unajibu huku unamvisha sweta, na ule mkono unauvuta kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. Anakunyamazia. Ile nguvu kidogo ya ziada ndiyo dalili ya kuangalia, kwa sababu huja mapema, kabla ya machozi na kabla ya kuugua mwenyewe. Anayeijutia usiku kucha hudhani amegundua kwamba ana roho mbaya. Alichogundua ni kwamba akiba yake imekwisha.

Dalili nyingine hupita kimyakimya zaidi. Unakumbuka kliniki ya mgonjwa lakini yako umeiahirisha mara ya tatu. Simu ya rafiki inaita na unaiangalia mpaka inyamaze. Unatamani yote haya yaishe, halafu unashtuka, maana unajua yataisha kwa njia gani. Wazo hilo la mwisho hupita kwa wengi sana wanaouguza kwa muda mrefu. Kulifikiria si kumwombea mtu kifo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linautaja uchovu wa aina hii kama jambo la kazini, wala si ugonjwa, na linasema wazi kwamba dhana hiyo isipelekwe kwenye maeneo mengine ya maisha. Kwa hesabu hiyo anayemuuguza mumewe nyumbani hamo. Naelewa kwamba wataalamu hupenda mipaka iliyonyooka. Lakini tazama tofauti yenyewe: mfanyakazi ana saa ya kutoka, ana siku ya mapumziko, ana likizo, ana mwenzake wa kupokea zamu. Anayeuguza nyumbani hana hata kimoja kati ya hivyo. Kukinga uchovu huu, kwa maoni yangu, ni kazi ya kuirudisha nyumbani zamu yenye mwisho. Mengine yote, pumzi ndefu, matembezi, muziki laini, yana nafasi yake, ila hayawezi kuwa mbadala wa mtu wa pili mlangoni.

Kuna ushahidi kwamba mwili huweka hesabu hata pale mdomo unaposema "niko sawa." Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wa umri unaolingana ambao hawakuwa wakiuguza. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo cha milimita 3.5 kwenye mkono. Vidonda vya waliokuwa wakiuguza vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Kidonda ni kile kile, hakijui habari za upendo wala wajibu, ila kilijua nani amechoka.

Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha matokeo mazito zaidi. Waliwafuatilia kwa miaka 4 watu wa ndoa wenye umri wa miaka 66 hadi 96. Waliokuwa wakiwauguza wenzi wao huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Nambari hiyo hutajwa sana, tena mara nyingi kwa kutisha watu, na sehemu yake muhimu huachwa: waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko hilo. Kinachodhuru ni kuelemewa. Na kuelemewa ni jambo linaloweza kupunguzwa hata kama ugonjwa wenyewe hautibiki.

Kuelemewa hupimwaje? Steven Zarit na wenzake walitunga dodoso mwaka 1980, na toleo linalotumika sana sasa lina maswali 22, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 4. Huulizwa kama unakosa muda wako mwenyewe, kama unaona aibu kwa tabia za mgonjwa, kama unahisi umeshindwa kuyatawala maisha yako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na ndiyo maana kipimo hicho anajaza anayeubeba, si shangazi anayepiga simu Jumapili.

Uchovu huu huchanganyika na mambo mawili ambayo yafaa kutenganishwa nao. La kwanza ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Anayeuguza aliyechoka akipata siku tatu za kupumzika kweli, kitu hurudi: anacheka, anasikia njaa. Mwenye sonona anapumzika na giza liko pale pale. Mambo yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, na wazo la kujidhuru au kumdhuru mgonjwa halisubiri kutenganishwa na chochote, linapelekwa kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo. La pili ni huzuni ya kumpoteza mtu ambaye bado yupo. Pauline Boss, mtaalamu wa masuala ya familia wa Marekani, alianza kuiandikia hali hii katika miaka ya 1970. Mume amekaa kwenye kiti chake kile kile, anapumua, anakula, lakini yule uliyekuwa ukibishana naye habari za ulimwengu hayupo. Ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja kukupa mkono wa pole, na wewe mwenyewe unajizuia kulia, maana utamlilia vipi mtu uliyetoka kumlisha? Huzuni hiyo haiishi kwa kulala. Inataka kutajwa kwa jina lake, na mtu wa kuisikiliza.

Sasa kuhusu kuuwahi. Kuuwahi ni kuwahi kweli: mapumziko hupangwa wakati bado unajiona una nguvu, maana ukishaishiwa, hata kupanga ni kazi inayokushinda.

Anza na wiki moja ya kuandika. Si shajara ya hisia, ni orodha ya kazi na saa zake: kuoga saa moja kasoro, dawa saa mbili, kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kufua mashuka, kupanga foleni ya dawa, kuamka saa nane usiku, kuamka tena saa kumi. Wengi hushangaa wakijumlisha. Ndugu hushangaa zaidi, na ndiyo faida kubwa ya karatasi hiyo, kwa sababu "nimechoka" ni neno linalobishaniwa, lakini saa 74 kwa wiki hazibishaniwi kirahisi.

Kisha omba kazi, usiombe msaada. "Ukihitaji chochote niambie" ni kauli nzuri isiyobeba kitu, na anayeuguza huijibu kwa kauli nyingine isiyobeba kitu: "asante, tutawasiliana." Kaka yako hajui aanzie wapi. Mwambie: "Kaka, Jumamosi saa tatu mpaka saa saba mchana, njoo ukae na baba, mimi sitakuwepo." Ana siku, ana saa, ana kazi, na ana nafasi ya kukataa waziwazi, jambo ambalo nalo ni taarifa. Aliye mbali apewe kinachofanyika kwa mbali: kupiga simu hospitali, kufuatilia bima, kulipia mtu wa kufua, kumpigia mgonjwa kila jioni saa kumi na mbili ili wewe upate nusu saa ya kutojibu swali lolote.

Uzito wa mazungumzo hayo ya familia umewahi kupimwa. Mary Mittelman na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walifanya kazi na watu 406 waliokuwa wakiwauguza wenzi wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa wa kusahau. Nusu yao walipewa vikao sita vya ushauri, na katika hivyo sita, vinne vilikuwa vya kukaa na ndugu. Baadaye wakaendelea na kundi la kusaidiana na mshauri wa kupigiwa simu inapobidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba wagonjwa wa nusu hiyo walikaa nyumbani siku 557 zaidi kuliko wa nusu nyingine kabla ya kupelekwa kwenye makao ya kutunzia wagonjwa. Mwaka mmoja na nusu. Hakukuwa na dawa mpya humo. Kulikuwa na ndugu walioketishwa chini wakagawana.

Kikwazo kinachofuata mara nyingi ni anayeuguza mwenyewe. "Hakuna anayemjua kama mimi." Ni kweli, na kwa sababu ni kweli, yaandike unayoyajua. Karatasi moja ubavuni mwa kitanda: kidonge cheupe asubuhi baada ya kula, akikunja uso hivi anataka kwenda msalani, usimwinue kwa kumvuta mikono, akikataa kuoga mwache dakika kumi kisha umuulize kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Anayekupokea zamu atafanya mambo kombo. Blanketi atalikunja vibaya, nywele atazichana upande usio wake. Kama dawa zimetolewa sawasawa na mgonjwa hajaanguka, acha. Ukirudi na kurekebisha kila kitu mbele yake, wiki ijayo hatakuja, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Usiku ni habari ya peke yake. Kama una msaada mdogo tu wa kuugawa, uelekeze usiku kabla ya mchana. Mtu anayekatizwa usingizi kila siku hupungukiwa na subira, kumbukumbu na uangalifu wa dozi, na hivyo vitatu ndivyo mgonjwa anavyovitegemea kwako. Usiku mbili kwa wiki mtu mwingine alale karibu na mgonjwa, nawe ulale chumba ambacho humsikii. Ukimsikia akikohoa, hujapumzika.

Na mgongo. Muulize muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe kwa vitendo namna ya kumwinua na kumgeuza, na wewe ufanye mbele yake mpaka aridhike. Ukienda kwa daktari kwa shida zako, mwambie unauguza nyumbani. Huenda asiulize, lakini taarifa hiyo hubadilisha namna anavyolitazama shinikizo lako la damu.

Tahadhari moja kuhusu mapumziko ya kwanza: huenda yasikupumzishe. Utatoka saa tatu, saa tatu na robo utapiga simu, saa nne utapiga tena, na saa tano utakuwa umesharudi kwa kisingizio cha chaji ya simu. Wengi huishia hapo na kusema kutoka hakuwafai. Mwili uliozoea kusikiliza kikohozi kwa miezi saba haujui kuacha kwa asubuhi moja. Mpange kaka yako Jumamosi nne mfululizo kabla hujatoa hukumu, na chaja uibebe.