"Leave" ya likizo si "leave" ya kuondoka

Maofisini Dar es Salaam wengi huamini kuwa likizo kwa Kiingereza inaitwa leave kwa sababu mfanyakazi anaondoka kazini. Sivyo. Hayo ni maneno mawili yenye asili tofauti, yaliyokuja kufanana kwa sauti na tahajia.

Leave ya likizo ni nomino, na maana yake ni ruhusa. Katika Kiingereza cha kale iliandikwa lēaf, na ina undugu na believe, yaani kuamini. Kwa hiyo zile siku 28 za likizo ya mwaka zilizomo katika sheria ya ajira ya 2004 ni ruhusa yenye malipo. Hata take leave, kuaga, asili yake ni mgeni kuomba ruhusa ya kutoka.

Kitenzi leave kimetokana na lǣfan, kubakiza. Uzito wake uko kwenye kinachobaki: baba akifariki leaves nyumba, 7 ukitoa 3 leaves 4. Maana ya kuondoka ilifuata baadaye, kwa kuwa anayekwenda huacha mahali nyuma yake. "Acha" yetu inakikaribia sana.

Usipolijua hili utaandika "I am leaving to Arusha". Mahali unapopaacha hufuata kitenzi moja kwa moja, na uendako hutanguliwa na for: I am leaving Dar for Arusha. Ukiidondosha for ukaandika "I am leaving Arusha", mwenyeji wako wa Arusha ataelewa unaondoka kwake, hatakuja stendi kukupokea.