Je, wajua kwa nini API ikikujibu "0" haimaanishi mteja kalipa?

Ukiunganisha mfumo wako na M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, ile API ya Safaricom (njia ya mfumo wako kuongea na wa kwao), kitu cha kwanza wengi tunachojaribu ni STK Push. Unatuma namba ya simu na kiasi, simu ya mteja inaomba PIN, na palepale seva yako inapokea jibu lenye ResponseCode 0. Mimi nilivyoiona hiyo sifuri nikaandika kwenye database "imelipwa", nikasonga mbele. Kumbe sivyo kabisa, na nimeona madevelopa wengi wanakosea hapohapo.

Sifuri ile inasema ombi lako limepokelewa, basi. Kuhusu hela haijasema kitu. Saa hiyo mteja pengine hata simu hajaishika, anaweza akaweka PIN, anaweza akafuta, anaweza akawa hana salio, na zote hizo zimeanza na sifuri ileile. Kinachotuchanganya ni mazoea, maana tumezoea ukiita fanksheni inakurudishia jibu na ukishapata jibu kazi imeisha. Sasa hapa katikati kuna binadamu anayetafuta simu mfukoni, na seva haiwezi kushikilia laini wazi kwa kila mteja mpaka aamue.

Chukulia umepeleka nguo kwa dobi. Anazipokea, anakupa tiketi yenye namba. Hakuna anayeishika tiketi akasema nguo zimeshafuliwa, si ndiyo? Kwenye Daraja tiketi hiyo ni CheckoutRequestID, itunze, maana nguo zikiwa tayari dobi anamtuma kijana aje kukugongea mlango na namba hiyohiyo. Huyo kijana ndiye kolibaki, ombi jipya linalotoka kwao kuja kwenye anwani uliyoiacha, likiwa na ResultCode. Hapo sasa 0 ni kalipa kweli, 1032 kafuta mwenyewe, 1 salio halijatosha.

Na hapa ndipo anwani inapokuwa shida. Ukiwa unajaribu kwenye laptop yako ukaandika localhost, ni kama kumwambia kijana "zilete nyumbani" bila kusema nyumbani kwa nani, ataenda nyumbani kwake, kwa sababu kila kompyuta localhost yake ni yenyewe. Ndiyo maana watu wanatumia ngrok, inakupa anwani ya intaneti inayofika mpaka kwenye mashine yako. Mi naipenda sana sehemu hii, kosa linaonekana la ajabu halafu ukilielewa unaona halingeweza kuwa vingine.

Ila kijana anaweza akaja umelala, yaani seva yako iko chini. Usikae ukisubiri tu, nenda dukani na tiketi yako uulize, Daraja ina API ya kuulizia hali ya muamala. Na sio kila mtoa huduma ana utaratibu uleule, Stripe kwa mfano, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wanasema wazi kwamba taarifa moja inaweza kukufikia zaidi ya mara moja, kwa hiyo kabla hujamwongezea mteja salio angalia kwanza kama taarifa yenye namba hiyo ulishaishughulikia, la sivyo atalipa mara moja ahesabiwe mbili.