Ulikuwa skauti zamani? Rudi na kazi moja mkononi

Kila nikikutana na mtu mzima aliyewahi kuwa skauti, dakika tano haziishi ameshanipigia saluti ya vidole vitatu, afu swali linafuata: sasa mi na umri huu narudije? Nimeongoza vijana miaka mingi na siku hizi nafundisha viongozi wenzangu, kwa hiyo nimelijibu sana, na jibu langu halijabadilika. Chukua kazi moja, ndogo, yenye siku yake inayojulikana, uishikilie mwaka mzima. Cheo usikiombe kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wanaorudi wanaletwa na kumbukumbu tu. Anakuja kambi moja, anapiga picha na skafu, anaingia grupu la WhatsApp, miezi miwili mbele kimya. Na wala sio mtu mbaya, ila hakuna anayemsubiri, yaani asipokuja hakuna kinachoharibika. Wakati huo huo kundi linalia halina mtu wa kushika stoo, wa kuhakikisha mahema yameanikwa yakakauka kabla hayajakunjwa maana hema likikunjwa bichi linaota ukungu na kitambaa kinaoza, hakuna wa kutunza risiti za kambi, hakuna wa kukaa na vijana wanaotafuta beji ya huduma ya kwanza. Namjua nesi mmoja anakuja Jumamosi moja tu kwa mwezi, anafundisha kufunga bendeji na kumlaza aliyezimia, basi, anaondoka. Sare hana. Kwangu mimi huyo yuko ndani ya skauti kuliko wengi wenye sare iliyonyooshwa.

Ukitaka kuwa kiongozi kabisa hapo ndo pagumu, na ugumu wenyewe unatoka kwenye kujua kwako. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 aliwagawa wale vijana kama 20 kwenye patroli 4, yaani vikundi vidogo, kila patroli ikawa chini ya kijana mwenzao, na mpaka leo skauti inaendeshwa hivyo. Mtu mzima anakaa pembeni. Kukaa pembeni kunauma jamani! Kambi moja nilimwangalia binti wa miaka kumi na nne na patroli yake wakifunga meza ya vyombo kwa miti na kamba. Kamba walianza vizuri, wakaifunga kwenye mti uliosimama, wakazungusha mara tatu pale miti inapokutana, ila wakasahau kuipitisha katikati ya ile miti miwili na kuikaza, wakamalizia fundo. Niliona. Mikono yangu ilikuwa inawasha, nikaiweka mfukoni. Wakaweka sufuria, meza ikalala upande, sufuria likaanguka, na yule binti akakaa chini akaangalia fundo kama dakika nzima afu akasema, tumeruka kukaza. Akafungua zote nne mwenyewe. Ningemwambia mapema meza ingesimama kweli, ila lile fundo lingekuwa langu.

Hiyo ndo sababu nawasisitizia watu wasikwepe mafunzo hata kama walikuwa maskauti hodari utotoni. Kozi ya Wood Badge, ya viongozi watu wazima, ilianza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, na zile shanga mbili za mbao unazopewa mwishoni maana yake umejifunza kazi ya mtu mzima, ambayo ni tofauti kabisa na ile uliyoifanya ukiwa na miaka kumi na mbili. Pia kuna mafunzo ya kulinda watoto, Safe from Harm. Humo utakuta mambo kama kutokukaa peke yako na mtoto mahali pasipoonekana, na kutokuchati naye faragha. Wapo wanaoona kama wanashukiwa wakiambiwa hivyo. Mi naona kiongozi anayekataa haya mafunzo asikabidhiwe kundi, na hapo sina mjadala.

Na kama ratiba yako haikubali kila wiki bado nafasi ipo. Jamborii ya dunia, ile kambi kubwa ya maskauti wa nchi nyingi, washiriki ni wa miaka 14 hadi 17, ila watu wazima kuanzia miaka 18 wanakwenda kama timu ya huduma, wanapika, wanaongoza msafara wa watu, wanasaidia kliniki, na wanajilipia wenyewe. Kuna pia ISGF, umoja wa kimataifa wa watu wazima waliokuwa maskauti na Girl Guides, ulioanzishwa Lucerne, Uswisi, mwaka 1953, na kila Oktoba maskauti wanakutana hewani kwa redio na intaneti, kwa hiyo mwenye ujuzi wa redio au kompyuta anahitajika sana wikiendi hiyo.

Kwa hiyo ukimpigia simu kiongozi wa kundi lililo karibu nawe usimwambie tu nataka kurudi. Mwambie, nina Jumamosi mbili kwa mwezi, na najua kushona mahema.